Orodha ya Wazawa

Jumatatu, 3 Juni 1996
Magunia arobaini ya kakao kabla ya chai. Mvua ya jana imelowesha vichanja, mbegu nyingi zimerudi ghalani na unyevu. Lusekelo, mkaguzi wetu wa mizani, kazipasua kwa kisu, kazinusa, kakataa magunia sita. Meneja kampigapiga begani mbele ya watu wote. Mimi ni karani wa watumishi, mwaka wa tatu hapa, na miaka kumi na mmoja kwenye chama cha ushirika kabla hakijafa. Bega langu hajaligusa mtu.

Namwonea wivu. Nimeliandika, basi.

Jumatano, 5 Juni
Afisa Kazi kaja kutoka Mbeya. Kampuni yetu mwisho wageni wanne. Tunao saba: Meneja, mhasibu, fundi mashine, na wanne wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, Lusekelo akiwemo. Watatu waondoke, wazawa washike nafasi zao. Mpango ufike Mbeya mwezi huu huu. Meneja kasema niuandae mimi.

Mkuu wa ghala kastaafu tangu Pasaka. Kila mtu anasema kiti kile ni cha Lusekelo. Tutaona.

Ijumaa, 7 Juni
Tatizo: mgeni ni nani? Majina ni yale yale huku na kule. Lugha tunasikilizana. Kila ukoo una shangazi kule Karonga. Cheti cha kuzaliwa hana mtu.

Nimepata njia. Kila mtu alete cheti cha ubatizo. Waislamu walete barua ya kijiji. Nimeandika kanuni mwenyewe: aliyezaliwa ng'ambo ni mgeni, ukoo usiulizwe. Meneja kaipenda kwa ufupi wake. Lusekelo kasoma Karonga, Kiswahili chake bado kinachechemea. Yamekwisha hayo.

Nina furaha. Furaha mbaya, lakini ni furaha.

Jumatatu, 10 Juni
Tangazo nimelibandika. Lusekelo kalisoma, kanigeukia, kasema ndaga, karudi kwenye mizani. Kumshukuru mtu anayekuchimba! Mchana kina mama wa vichanjani wamempelekea ndizi za kuchoma. Mimi wanapita tu. Hata mama yangu mzazi humsifu kila wakikutana kanisani.

Alhamisi, 13 Juni
Cheti cha Lusekelo kimefika. Nimekisoma mara tatu.

Kazaliwa Ikolo, huku huku kwetu. Kabatizwa Ikolo. Baba yake alikuwa kuli bandarini Itungi. Walihamia ng'ambo mtoto ana miaka sita. Mzawa, kwa kanuni yangu mwenyewe. Meneja kampa ukuu wa ghala palepale. Kamwagiza pia apokee na kukagua vyeti ambavyo havijaletwa, eti mimi nimeelemewa.

Changu nacho sijaleta.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekwenda kwa mama kuchukua cheti. Kakitoa kwenye sanduku la bati, kimekunjwa ndani ya kitenge. Nimezaliwa ng'ambo ya Songwe, kwa bibi.

Nilikuwa mtoto wa kwanza. Mimba ya kwanza mwanamke hurudi kujifungulia kwa mama yake, na mama kwao ni kule. Hadithi hiyo nimekua nayo. Siku ninaandika kanuni haikunijia kabisa, nilikuwa namwona Lusekelo tu.

Mama kashangaa nilivyokaa chini.

"Sasa ulitaka nikuzalie wapi?"

Nimekikunja tena cheti, nimekitia mfukoni. Watoto wangu wanne, wawili wako sekondari. Kanuni ina sahihi yangu.

Jumatatu, 17 Juni
Nilifikiria kusema cheti kimeliwa na mchwa. Nimeshindwa. Nimempa Lusekelo mkononi.

Kakisoma polepole. Nilingoja acheke. Ningekuwa yeye ningecheka, kisha ningekimbia kwa Meneja. Kavuta kiti, kaniambia nikae.

"Kaka Ambakisye, baba yako ni wa hapa, nyote tunajua. Kanuni ndiyo yenye kosa. Tuongeze mstari mmoja: aliyezaliwa huku, au baba yake ni wa huku."

Kaandika yeye, kampelekea Meneja yeye, kasema tulilifikiria pamoja. Tulilifikiria pamoja! Niliitikia kwa kichwa tu.

Ijumaa, 21 Juni
Mpango umekwenda Mbeya na gari la asubuhi. Wageni waliotakiwa kupungua ni wawili sasa, si watatu, maana Lusekelo katoka kwenye hesabu. Wawili hao wamechukua mabegi yao na kushika njia ya Kasumulu, mpakani. Mmoja kanipa mkono, mwingine hakunipa.

Jina langu lipo kwenye orodha ya wazawa, la tisa, kwa mwandiko wa Lusekelo. Leo nimekwenda kumwamkia ofisini kwake kama mkuu wangu. Kaniuliza hali ya mama. Habari ya cheti hajaigusa, na hakuna anayeijua ghalani. Nilitaka anisimange walau mara moja, tuwe sawa.

Alipochukua cheo nilikasirika, lakini chakula changu nilikula. Leo chakula hakipiti. Hata wema kanizidi.