Askari Aliyekufa Mara Tatu

Mwenzangu, nitafutie pa kuficha uso! Bado niko ukumbini, kwenye ile filamu ya majoka na mapanga.

Unaujua mdomo wangu. Vita vilipopamba moto, askari mmoja mwenye kitambi akachomwa mkuki, akafa. Kidogo tu, huyu hapa tena, anaporomoka kutoka ukutani! Nikapaza sauti: "Jamani, bwana kitambi kafufuka! Waigizaji wamewaishia?" Ukumbi mzima kicheko.

Joka likamtemea moto. Nikamgeukia mama aliyekaa kando yangu: "Mara ya tatu hii! Huyu kufa hajui!"

Akasema taratibu, "Ni mume wangu, mwanangu. Tulimzika kabla filamu haijatoka."

Mume wake! Na mimi nimemcheka mbele ya watu wote!

Nikababaika, samahani, samahani. Akanishika mkono. "Nimeshakuja mara sita. Joka silitazami, mfalme simjui. Nangoja aanguke, kisha nimwone anakuja tena mbio."

Halafu akaniuliza, "Umesema mara tatu? Mimi humwona mara mbili tu. Hiyo nyingine iko wapi?"

Sasa tumekaa tunangoja onyesho la saa kumi nimwonyeshe pale anapoporomoka ukutani, na kumtazama usoni bado siwezi.