Kiti cha Alhamisi

Hosteli ya Wavulana, Chumba 14,
Kisumu.
Alhamisi, 14 Novemba 2024.

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini umerudi salama kutoka shambani na kwamba mgongo umepunguza kukusumbua tangu mlipobadilishiwa kiti cha trekta. Mimi ni mzima, nakula na nasoma. Msalimie dada Apiyo na wadogo wake, na umwambie jirani yetu Mzee Walter kwamba sijasahau kuulizia ile dawa ya ng'ombe. Lakini barua hii, Baba, naomba usiwasomee majirani kama zile nyingine. Ingia ndani, vaa miwani, uisome peke yako. Inamhusu Mama. Ningepiga simu, ila trekta imeyachosha masikio yako, na wewe ukiweka spika mtaa mzima unasikia.

Nianzie hapa hosteli. Unakumbuka siku uliyonileta, ukasimama mlangoni na godoro begani? Uliangalia vile vitanda viwili na dirisha moja, ukasema hii sasa ndiyo simba yangu, nyumba ya kijana aliyekua, niitunze kama mwanamume. Ukakataa kukaa kitandani kwangu, ukanywa chai ukiwa wima. Muturi, ninayekaa naye chumba hiki, alicheka sana. Wazazi wake ni Wakikuyu wenye duka la nguo hapa mjini, yeye amezaliwa Kisumu na lugha yetu ya Dholuo anaijua kunishinda. Mimi niliona ni utani wako wa kawaida, nikaanza maisha ya kupanga foleni ya maji, kumficha Mama Kageha msimamizi koili ya kupikia, na kulinda suruali yangu mpaka ikauke, maana kamba ya nguo ya huku ina wenyewe.

Mwanzoni mwa Septemba Mama akaanza kuja, kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi. Alikuambia ananiletea unga na kuangalia kama nasoma. Wanawake hawaruhusiwi kupanda juu, lakini Mama Kageha alisema mama ni mama, akampa ruhusa hadi saa kumi na moja. Alikuwa anafika kama saa saba, amechoka, anataka tu mahali pa kujinyoosha kabla ya kutafuta gari la kurudi nyumbani Muhoroni. Siku ya kwanza nikamwonyesha kitanda changu, akakataa. Alisema mtoto wa kiume akishapata simba yake mama halali humo, na wewe mwenyewe ndiye uliyepaita hivyo. Nikamwambia hiki ni chumba cha chuo, mwakani atalala mtu mwingine. Hata mkeka chini aliukataa, akasema kulala ni kulala. Akakaa kwenye kiti cheupe cha plastiki, kidevu kikimwangukia kifuani, na mimi nikajifanya nasoma.

Mara ya pili Muturi alimwambia kwa adabu kwamba kitanda chake hakina shida, kwa sababu yeye si mtoto wake. Mama alifikiri kidogo, akacheka, akavua viatu, akalala saa tatu nzima. Tangu hapo ukawa ndio utaratibu. Akaanza kumletea Muturi sukari guru, tena kipande kikubwa kuliko changu, na sikuficha wivu. Alimgombeza kuhusu nywele zake na kumuuliza mitihani inaendaje.

Alhamisi ya nne aliamka ana kiu, akamwomba Muturi maji, na katika kumwomba akamwita wuoda, mwanangu. Muturi alienda mbio. Aliporudi na kikombe alimkuta Mama anamkunjia blanketi. Alisema ameharibu mwenyewe kwa mdomo wake, kwamba mtu ukishamwita mwanao na moyo ukakubali, huwezi tena kusema si wako. Kuanzia hapo akarudi kwenye kiti. Tulimbembeleza. Muturi akamwambia yuko tayari kufanya kosa kubwa ili amkane, angalau apate pa kulala. Mama hakucheka.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Baba, Mama haji kwa ajili yangu. Ile mara ya pili alinipa karatasi ya hospitali nimsomee. Ana uvimbe kwenye titi, na ni saratani. Kila Alhamisi anayokuja anatundikiwa dawa asubuhi, kisha anapumzika hapa mpaka nguvu zirudi, ili usimwone akishushwa garini ameshikwa mikono. Kile kitambaa anachofunga siku hizi si mtindo wa akina mama wa kanisani kama alivyokuambia. Nywele zimeisha. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ulimzika Mama Adero, mke wako wa kwanza, kwa ugonjwa huu huu, na hataki uanze kumzika yeye angali anatembea.

Na zile barua tano, Baba. Zilikuwa wazo lake. Niliandika habari za walimu na ugali wa kantini ili awe na kitu mkononi cha kuonyesha kwamba alikuwa kwangu. Aliniambia unavyozisoma kwa furaha na kurudia mistari, nami nikaketi nikaandika nyingine. Nimekudanganya kwa mkono wangu mwenyewe. Naona aibu, na ninaomba unisamehe.

Leo daktari amesema dawa imefanya kazi yake na sasa lazima apasuliwe Jumatatu hii. Mama akamwomba angoje mpaka msimu wa miwa uishe, mwezi wa kwanza. Daktari akamjibu kwamba mwezi wa kwanza ni mbali. Tukiwa kwenye ngazi za hosteli nilimuuliza ameamua nini, akasema atafikiria, na wewe unajua Mama akisema atafikiria maana yake ni hapana. Kisu hakiogopi. Anachoogopa ni uso wako siku utakapojua. Mimi ni mtoto, hawezi kunisikia. Wewe atakusikia.

Tulipoingia chumbani Muturi alimsogezea kiti kama kawaida. Mama alikipita kama hakioni. Akaenda moja kwa moja kwenye kitanda changu, akajilaza na viatu miguuni, akageukia ukutani. Muturi alitoka nje kwenye korido na nilimsikia analia. Mimi nilimvua viatu, nikamfunika shuka. Siogopi mwiko, Baba. Mwiko tutaulizia wazee. Naogopa kwa sababu Mama hakuwa na nguvu ya kukataa.

Bado amelala ninapoandika haya. Anayekaa kwenye kiti cha plastiki leo ni mimi.

Akiamka atanyoosha shuka, ataitia barua hii kwenye mkoba pamoja na zile karatasi zake, na atakuletea akidhani ni salamu za siku zote. Mpokee mkoba. Usimuulize kitu mbele ya watoto, na usimgombeze kwa kuficha, kwa sababu tulificha wawili. Mwache alale kitandani kwake mpaka atosheke. Halafu mwambie umejua, na ujitahidi uso wako usibadilike.

Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa kwenye geti la hospitali. Muturi atakuja pia, amesema yeye ni mtoto wa nyumba hii na hakuna wa kumzuia. Mama Kageha ametukubalia kukibeba hiki kiti, maana watu husubiri siku nzima na mgongo wako hauwezi benchi. Njoo naye, Baba. Nikimwona peke yake sitajua la kufanya.

Salamu zangu kwa nyumba yote, na Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi mwanao,
Griffins