Sauti Moja, Gitaa Moja, na Sendofu ya Dada Vero

Jumapili, mchana. Mawingu yamejaa upande wa Kipalapala ila mvua bado inatuzungusha. Uani turubai la jana halijakunjwa, viti vya kukodi vimepangwa kimoja juu ya kingine, na nyumba nzima inanukia pilau. Miguu inauma. Moyo uko sawa, nadhani.

Nimejifungia chumbani niandike kabla mambo hayajaanza kuchanganyika kichwani.

Kwanza albamu, maana yote yalianzia huko.

Toka likizo iliyopita nasikiliza albamu moja tu. Ni ya watu wawili: mwanamke anaimba, mwanamume anapiga gitaa, basi. Hakuna ngoma, hakuna kibodi, hakuna waitikiaji. Alinirushia kaka Deo, mtoto wa mama mkubwa, ambaye anasomea upadri na huwa anapiga gitaa kwenye misa za vijana. Akaniambia hiyo inaitwa jazi.

Neno likamfikia baba. Baba jazi anaijua. Kwake ni zile bendi za zamani za hapahapa Tabora, magitaa matatu, matarumbeta, watu wanacheza mpaka soli za viatu zinaachia. Akataka nimwekee. Akakaa na simu mkononi kwa heshima zote, akasubiri mpaka wimbo wa kwanza ukaisha.

"Sasa bendi inaingia saa ngapi?"

"Ndiyo yenyewe hiyo, baba."

"Wawili tu? Wenzao wamegoma?"

Akanirudishia simu, akaenda kusikiliza taarifa ya habari. Nilicheka, lakini nikiri kwamba nilifurahi pia kuwa hakuipenda. Sipendi kuisikiliza mbele ya watu. Mtu akiingia chumbani naizima haraka, kama nimekutwa najiangalia kwenye kioo.

Iko karibu mno nami, ndiyo sababu. Yule mwimbaji kabla ya kuanza mstari unamsikia akivuta pumzi. Vidole vya yule mpiga gitaa vinapohama kwenye nyuzi vinatoa mlio mdogo, kama mtu anayefuta meza, na hawakuuondoa. Wimbo wa nne kuna kiti kinalia. Wa sita mwimbaji anakaribia kucheka katikati ya neno, gitaa linamsubiri, kisha wanaendelea. Hakuna anayemharakisha mwenzake. Mimi nimelala na hedifoni masikioni, najiona niko chumba kimoja nao na hawajaniambia nitoke.

Halafu kuna suala la lugha. Wanaimba Kiingereza. Mimi shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kimekaa kama sare: nakivaa asubuhi, nakivua jioni. Ni lugha ya kujibia maswali. Sikuwahi kusikia mtu akiitumia kunong'ona. Maneno mengine siyajui na wala sijayatafuta kwenye kamusi. Nimeyaacha hivyohivyo.

Kwetu kuimba ni kazi ya wengi. Mwalimu wa Historia alituambia wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njia nzima kwenda pwani na kurudi, mzigo kichwani, mmoja anaanzisha na mia wanaitikia. Naamini, kwa sababu kwaya yetu ya kanisani hadi leo inaimba kama imebeba kitu kizito. Mimi niko sauti ya pili, mstari wa nyuma, kati ya dada wawili wenye mapafu makubwa. Sauti yangu ni ndogo. Miaka yote nimedhani hilo ni tatizo. Ile albamu ndiyo iliyonifanya niulize, tatizo kwa nani?

Sasa Vero.

Vero ni dada yangu, ananizidi miaka tisa. Mama anafanya biashara ya mchele, na mara nyingi wiki nzima yuko Bukene anakusanya mzigo. Kwa hiyo aliyenilea kila siku, wa kuniamsha, kunipigia pasi sare na kunikaripia, ni Vero. Jumamosi ijayo anaolewa Mwanza. Keshokutwa Jumanne anaondoka.

Nimeona ilivyokuwa kwa rafiki zangu. Dada akishaolewa, ukienda kwake unakalishwa sebuleni. Unaletewa soda kwenye sinia. Unaulizwa za nyumbani kama vile nyumbani kwenu si kwao. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakiogopa, kuwa mgeni wa Vero. Nami siwezi kumwambia mtu jambo la namna hiyo uso kwa uso. Nikijaribu natazama sakafu na kusema "poa tu."

Nikatunga wimbo. Beti tatu. Nilijaribu kwa Kiingereza kwanza, ukatoka kama insha, nikafuta. Kwa Kiswahili ulitoka mfupi na wa kawaida. Ubeti wa tatu ndio uliobeba nilichotaka kusema. Ule wa kwanza na wa pili ni njia tu ya kufika pale. Kaka Deo akakubali kupiga gitaa, tukafanya mazoezi nyuma ya nyumba.

"Unamwimbia nani?" akaniuliza.

"Vero."

"Sasa mbona unasukuma kama unaita ng'ombe malishoni kule Choma? Vero atakuwa meza kuu, hatua chache tu. Ongea naye."

Jana jioni kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga Vero, ukafika wakati wetu. Mshereheshaji alikuwa kijana wa mjini, suti ya bluu, sauti kama honi ya lori. Alitutangaza vizuri: "Mdogo wake bibi harusi mtarajiwa! Makofi ya kilo!" Makofi yakapigwa. Deo akaanza. Nikashika maiki kwa mikono miwili nikamtazama Vero, gauni la njano, nikaanza kuongea naye.

Ubeti wa kwanza ukapita. Watu wakatulia kabisa. Nikamsikia shangazi wa safu ya pili: "Jamani mpeni maji huyo mtoto, sauti imemkauka." Wakacheka kidogo, wakatulia tena. Ubeti wa pili ukapita. Nilisikia vidole vya Deo kwenye nyuzi, kwenye spika zile kubwa, na kwa mara ya kwanza maishani nikiwa na maiki mkononi sikuogopa. Nikavuta pumzi ya ubeti wa tatu.

"Aaah jamani mbona mmepoa hivyo? Pilau limewalevya? Mpo?"

"Tupooo!"

"Dijei! Washa moto!"

Ngoma ikadondoka juu yetu. Shangazi wote wakasimama, kanga kiunoni, vigelegele mpaka turubai linatikisika. Wakamzunguka Vero, sikumwona tena. Deo akanitazama, akabaki amesimama na gitaa lake kama mtu aliyeachwa na treni. Nikarudisha maiki.

Nataka niwe mkweli, yule kaka hakuwa na ubaya. Kwetu wimbo ukipendwa unajibiwa. Mtu anasimama, anapiga kigelegele, anakuja mbele anacheza. Watu wakikaa kimya huku wanakutazama, wimbo umekufa, na kazi ya mshereheshaji ni kuufukia haraka kabla haujanuka. Yeye aliona mtoto anazama. Baadaye alinifuata hadi kwenye masufuria.

"Mdogo wangu, pale nimekuokoa eh? Usijali, ni woga tu, utazoea."

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwepo.

Nilisema, "Asante, kaka."

Kisha nikaenda kuosha sahani nikilia kwa hasira, na kila aliyepita alidhani ni kwa ajili ya Vero, akanipapasa bega. Bibi, aliyetoka kijijini jana asubuhi, akaniambia kwa Kinyamwezi nisilie, kuolewa si kufa. Sikuwa na nguvu ya kufafanua.

Swali ambalo sijalijibu mpaka sasa: wale watu waliokaa kimya, walikuwa wamechoka au walikuwa wanasikiliza? Kwa nje vinafanana.

Leo asubuhi Deo alikuwa ameshaondoka na gitaa lake. Tuliporudi kutoka misa ya kwanza, Vero aliniita chumbani nimtoe pini za nywele. Jana walimpandisha nywele juu kama mnara na kila ghorofa ilikuwa na pini zake. Akakaa chini kwenye mkeka, mgongo kwangu. Mimi kitandani. Nikaanza kutoa.

"Wimbo wako uliishia wapi?" akauliza.

"Ulikatwa."

"Najua ulikatwa, nilikuwepo. Nakuuliza uliishia wapi."

"Ulibaki ubeti wa tatu."

"Haya, lete."

"Gitaa halipo."

"Nimekuomba gitaa mimi?"

Nikavuta pumzi. Nina hakika aliisikia, maana kisogo chake kilikuwa hapa, usawa wa kidevu changu. Sikumwona uso, na yeye hakuniona, na hiyo ilisaidia sana. Sikusukuma. Nadhani hata mtu aliyekuwa sebuleni hakusikia chochote.

Nikija kwako usinivutie kiti,
usiniulize nitakunywa nini.
Nipe ufagio nianzie mlangoni,
niwe kwako kama nilivyo nyumbani.

Hakugeuka. Kulikuwa na pini moja imenasa karibu na sikio, nikaivuta taratibu, akasema "ssss," nikasema pole. Nje mama alikuwa anagombana na mtu wa viti. Nikatoa pini nyingine mbili. Nikaanza kufikiri kwamba labda nimemkwaza, au ni wimbo wa kitoto.

Kisha akasema, kwa sauti ileile anayonituma nayo dukani:

"Ufagio nitauweka nyuma ya mlango wa jikoni. Na usipige hodi, unaingia tu. Beba na mchele, wa huko sijauzoea."

"Sawa."

"Sawa nini? Kilo ngapi?"

"Vero!"

Akacheka, mabega yakatikisika, na hapo ndipo nikaona anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Sasa amelala kitandani kwangu huku naandika haya, nywele zimesimama pande zote, mdomo wazi. Mvua imeanza kudondoka juu ya bati, matone machache. Likizo ya Desemba nataka niende Mwanza. Siku zote nikitaka kitu kwa baba namtuma mama aniombee. Hili nitamwomba mwenyewe, leo, kabla ya chakula cha jioni, kwa sauti hii niliyonayo. Kama hatasikia, nitasogea karibu.