Mgongo wa Kumbeba Baba

Jumanne, 4 Oktoba 1983
Alfajiri, mkekani. Nakaa, naegemea nyuma kidogo, nainua miguu, nafumbata mikono, nageuza kiwiliwili kulia, kushoto. Ubavu unawaka. Karani wa bandari kujitia mwanamichezo, na kitambi hiki! Mama ananicheka kutoka jikoni. Acheke. Ijumaa sitaki kuyumba tena kwenye kona na Baba mgongoni.

Jumatano, 5 Oktoba
Tangu apate kiharusi Baba hatembei, na vichochoro vya mji wetu wa Mutsamudu havipitishi gari. Kila Ijumaa nambeba hadi msikitini. Imamu alimwambia mgonjwa ana udhuru. Baba akajibu kwamba uliokufa ni mguu, si yeye. Ndiyo safari yake pekee ya wiki.

Zoezi la mkekani alinifundisha mdogo wangu Halidi, alipokuja Idi. Yuko Moroni, mji mkuu, askari wa kikosi kinachoongozwa na mamluki wa Kizungu. Kalipata kwao. Baba hajui, nami simwambii. Askari wa kikosi hicho walimpiga mpwa wake Atumani hadi sikio moja likafa. Tangu siku ile Baba halitaji jina la Halidi.

Ijumaa, 7 Oktoba
Tumefika salama. Kwenye kona ya ngazi nimejipinda kiuno, ukuta haukumgusa hata kiwiko. Njiani kaamkiwa na kila mtu. Jioni kaniambia, "Leo umenibeba vizuri." Kwa Baba hiyo ni hotuba. Nimefurahi kama mtoto.

Jumatano, 12 Oktoba
Halidi kaja kwa ndege, ruhusa fupi. Kambusu Baba mkono. Baba kaitikia salamu, basi.

Alhamisi, 13 Oktoba
Siku mbaya. Nilikuwa mkekani, Halidi akaingia akiwa na kikombe cha chai. "Miguu juu zaidi. Mzungu wetu angekuzaba kofi." Akacheka. Mlango wa chumba cha Baba ulikuwa wazi.

Baba akauliza taratibu, "Kumbe hilo nalo ni la kwao?"

Mama akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Leo namchukia mdogo wangu.

Ijumaa, 14 Oktoba
Baba alikuwa tayari, kanzu na kofia. Nikachuchumaa mbele ya kitanda kama kawaida. Hakunishika shingo.

"Nenda, mwanangu. Nitasali hapa."

Nikamwambia mgongo ni wangu na nguvu ni zangu. Akasema, "Hata waliompiga Atumani, mikono ilikuwa yao."

Nimekwenda peke yangu. Walioniuliza nimewaambia ana homa.

Jumamosi, 15 Oktoba
Halidi karudi Moroni. Tumepeana mikono tu. Mama kalia. Zoezi sijafanya.

Jumanne, 18 Oktoba
Atumani kaja kumwona Baba. Nikamwomba anisemee kwa Baba. Kasema neno la mjomba wake halipingi. Amekaa sikio lake zima likimwelekea Baba, wamezungumza habari za karafuu. Nimeona wivu.

Ijumaa, 21 Oktoba
Mvua asubuhi, baadaye jua. Baba kala uji kidogo. Adhana ilipoanza nimechuchumaa tena mbele ya kitanda, bila kusema neno. Akaniwekea mkono begani. Nikajiweka sawa kumnyanyua.

Kumbe alitaka pa kujishikiza, ageuke kuelekea kibla. Nimetulia pale pale mpaka akamaliza kugeuka. Kisha nimekwenda kutawadha.