Kumwombea Rais Kanisani

Jumapili, Buffalo, Marekani.

Nimemwombea tena mtu yule, Rais wa nchi tuliyoikimbia. Mchungaji aliniomba nifungue ibada, nikasimama, na kinywa kikaanza chenyewe: "Bwana, mlinde Rais wetu, umpe maisha marefu." Kwetu, mzee wa kanisa asiyeanza sala hivyo alifungwa. Lakini huu ni mwaka wetu wa tisa hapa, na hakuna anayetusikiliza ila Mungu.

Debora, mjane wa mdogo wangu, alikuwa benchi la mbele. Askari wa Rais huyo ndio waliomchukua mumewe, hakurudi.

Baada ya ibada nilimfuata nje nimwombe radhi.

"Shemeji, acha," akasema, bila kunitazama. "Nami niliitikia amina."