Moshi Kwanza, Mzinga Baadaye

Dada Yustina, hamjambo hapo Kasekese? Kaka yako, msomi niliyeishia kidato cha pili, nipo Inyonga nanukia asali.

Unakumbuka lile somo langu la vitendo, la kuandika programu ya kidhibiti, yule bosi anayeamuru mitambo ya mtandao ipeleke data wapi? Wenye mradi wa programu hiyo waligoma kulipokea mpaka mtu asiyejua kazi alifuate peke yake afike mwisho. Nikampa kompyuta Mama Sizya, mrina asali. Akakwama hatua ya kwanza!

“Mwanangu,” akasema, “umenituma nifungue mzinga, moshi wa kutuliza nyuki hujaniambia niwashe. Hicho kidhibiti chako nimekiwasha saa ngapi?”

Dada, nilisahau kuandika! Mimi niliyefika Dar mpaka Lubumbashi nikifunga mitambo ya mtandao! Nikaongeza hatua hiyo, akaanza upya, kompyuta mbili za majaribio zikaitikiana. Akapiga vigelegele, wateja wake wakadhani kuna harusi.

Leo somo limepokelewa, na jina la Mama Sizya nimeliweka juu ya langu.

Mwambie mama, mwanawe aliyeshindwa shule sasa ni mwalimu. Asali yake naileta nzima, yako nimeionja kidogo tu. Nawapenda nyie.

Kaka yako, Deo