Ufa wa Tenki la Chumvi

Jumanne, 9 Septemba 2025
Imekubali! Kompyuta imemaliza hesabu yote bila kugoma, mara ya kwanza tangu Juni. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakatoka ndani.

Inasema hivi: bomba la stenlesi tulilochomelea kwenye tenki la chuma la Baba litapasuka kati ya tarehe 10 na 16. Siyo kwenye weldi yenyewe, pale palipochomelewa — pembeni kidogo, upande wa stenlesi. Maji ya chumvi ya ng'ombe, jua hili la Magamba, na lile jiwe nililolining'iniza livute bomba. Vitatu vikikutana, basi.

Tarehe nimemtumia msimamizi wangu chuoni, kwa maandishi. Zikipita bila tone, narudia mwaka.

Pontien, fundi aliyechomelea, kacheka sana. Eti fundi wa Mishamo hachomelei kitu kikapasuka. Na stenlesi haishiki hata kutu, itapasukaje?

Jumapili, 14 Septemba
Ndoo niliyotega chini kavu. Chumvi imeganda nyeupe kwenye kiungo, siigusi, ndiyo inayofanya kazi. Baba kapita na ng'ombe wake. Kaniuliza: Nyanzala, uganga wako umelala?

Jumatano, 17 Septemba
Kavu. Tarehe zimepita. Nimelia kidogo, nikala michembe, vile viazi vikavu, bakuli zima. Pontien kapiga simu kuulizia bomba, mpole kabisa. Huo upole ndio umeniuma.

Alhamisi, 18 Septemba
SABUNI!

Nimeenda kufungua jiwe, nikakwangua ile chumvi. Chini yake — sabuni ya mche, imesindiliwa vizuri kabisa. Nikamwita Mama. Ee, kasema, bomba lilikuwa linatoka jasho, chumvi inapotea bure, akaliziba. Lini? Tarehe hajui. Akafikiri, akafikiri. Siku ya mnada, Baba hayupo, na mimi nimeenda mjini kuchaji kompyuta.

Mnada ulikuwa Ijumaa. Tarehe kumi na mbili!

Nimemkumbatia, kanisukuma, ana unga mikononi. Nikaondoa sabuni yote. Ufa mwembamba kama unywele, una matawi, upande wa stenlesi. Pale pale. Nimeimba mpaka jirani kaja kuuliza nani anaolewa.

Picha nimeituma. Msimamizi kajibu hapohapo: kata kipande hicho, kisiguswe na moto, kilete chuoni.

Shida ni Baba. Kafurahi kuliko mimi. Kafurahi mpaka kamwita Pontien aje alichomelee leo leo, maana ng'ombe wanakunywa jioni. Moto ukigusa tu, ufa wangu unayeyuka na ushahidi kwisha. Nimewaeleza wote wawili. Pontien kasema anaelewa kabisa, huku anavaa miwani. Jenereta lake linaunguruma. Ng'ombe wameshafika, wanasukumana.

Naandika nimekaa juu ya bomba, nimelibana kwa miguu. Baba kanizunguka mara mbili. Kasimama, kauliza kwa upole kompyuta inasema nitashuka tarehe ngapi.